Volti 12 kwenye mguu wa volti 5

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma lililopita. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwa karibu na redio zao, na kwa wale walioomba tarakimu ziandikwe.)

Ndugu msikilizaji, nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi niliiua redio ya baba. Ilikuwa redio ya betri nne kubwa, kila betri volti moja na nusu, ndiyo kusema volti 6 kwa jumla. Betri zilipochoka tulizianika juu ya bati, zikapata nguvu ya taarifa moja ya habari, pengine na salamu kidogo, kisha zikalala tena. Siku moja jirani aliacha betri ya gari nyumbani kwetu. Nikawaza kwamba betri kubwa namna ile ingeimbisha redio mwaka mzima. Nikachukua waya mbili, nikaunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, kwa uangalifu kabisa. Redio ikapiga kelele kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu, ikatoa harufu, ikanyamaza. Chanya na hasi nilizipatia. Nilichosahau ni kwamba betri ya gari ina volti 12.

Adhabu niliyopata haihusiani na mada ya leo. Nimeikumbuka redio ile kwa sababu majuzi nilikuwa Chiwanda, na huko nikakutana na kijana ambaye ameliona kosa langu mara tatu, kila mara kwa sura nyingine.

Kwa wasikilizaji wa mbali, Chiwanda ni kata ya mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kusini ya Mbamba Bay, kuelekea mpaka wa Msumbiji. Zamani ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga, na sasa iko Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka humo. Watu wake wanakula ugali wa muhogo na samaki, na wengi wanategemea dagaa wanaovuliwa usiku kwa taa. Upepo wanaouogopa ni mwera, unaovuma kutoka kusini-mashariki, hasa miezi ya kiangazi, Mei hadi Agosti. Ukimkuta mtu kwenye mtumbwi mbali na ufuko, hana pa kukimbilia.

Kijana huyu ni fundi wa redio na simu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa zima, naye hakusudii kushindana nayo. Alichotaka ni chombo cha ufuko wao, cha kusema upepo wa hapa, saa hii, ukoje. Akasimamisha mlingoti, akaweka juu yake vikombe vinne vinavyozungushwa na upepo, na kwenye mhimili sumaku ndogo. Kila mzunguko mmoja, sumaku inapita mbele ya swichi ndogo na kuifunga mara moja. Waya wa mita 40 hivi unaleta habari hiyo hadi kwenye kisanduku kibandani mwake. Mizunguko ikizidi idadi fulani kwa dakika, honi ya gari inalia ufukoni, na ujumbe wa simu unatumwa kwa wale waliokwisha kutoka.

Kinachohesabu mizunguko hiyo ni maikrokontrola. Jina hili lisikutishe, maana huenda unacho kifaa hicho nyumbani. Ni kompyuta nzima iliyofinywa ndani ya chipu moja, haina kioo wala vibonye, ina miguu tu pembeni. Kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1974. Leo zimo ndani ya mita za LUKU, ndani ya rimoti ya televisheni na ndani ya taa za sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu. Kijana wetu alitumia bodi ya Arduino, aina iliyobuniwa huko Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Chipu yake inaitwa ATmega328P, na inakula volti 5.

Miguu ya chipu, au pini kama wanavyoita mafundi wengi, ndiyo masikio na midomo yake. Mguu unaosikiliza hauelewi maneno, unaelewa volti tu. Volti nyingi ni "ndiyo", volti chache ni "hapana". Basi swali linalofuata ni la haki kabisa: nyingi ni ngapi, na chache ni ngapi?

Jibu limo kwenye karatasi ya mtengenezaji. Kwa chipu hiyo inapokula volti 5, kuanzia volti 3 kwenda juu inahesabiwa "ndiyo". Kuanzia volti 1.5 kwenda chini inahesabiwa "hapana". Katikati hapo, kati ya 1.5 na 3, mtengenezaji hakuahidi kitu. Chipu inaweza kusikia ndiyo asubuhi na hapana jioni, kutegemea joto na bahati. Halafu kuna mpaka mwingine ambao si wa kuelewana bali wa uhai: mguu usipate zaidi ya nusu volti juu ya ile chakula chake, wala zaidi ya nusu volti chini ya hasi. Kwa chipu inayokula volti 5, mwisho ni 5.5. Na karatasi inaeleza kwamba mpaka huo ni wa kutokufa, hauna ahadi ya kufanya kazi. Ni kama kibao cha "uzito wa mwisho" juu ya daraja. Hakuna dereva mwenye akili anayekisoma kama uzito wa kila siku.

Sasa twende kwenye kifo cha kwanza. Kisanduku kile kinaendeshwa na betri ya sola ya volti 12. Kijana alitaka chipu imwambie betri imebaki na nguvu kiasi gani, wazo zuri sana. Akachukua waya kutoka chanya ya betri akauingiza moja kwa moja kwenye mguu wa kupimia. Chipu ilipata moto ukaweza kuunguza kidole, na haikuamka tena. Bodi mpya ilitoka Kariakoo, ikapanda basi hadi Songea, kisha Mbinga, kisha Mbamba Bay, na ilimgharimu mapato ya wiki nyingi za kutengeneza simu.

Kwa nini inakufa? Ndani ya kila mguu, watengenezaji wameweka vilinzi viwili, dayodi mbili ndogo mno. Dayodi ni mlango unaofunguka upande mmoja. Moja inafunguka kuelekea chanya ya chipu, nyingine inafungukia hasi. Volti ya mguu ikizidi ile ya chakula kwa nusu volti na kitu, mlango wa juu unafunguka na umeme wa ziada unakimbilia kwenye njia ya chakula. Zimewekwa kwa ajili ya cheche ndogo za kidole, zile unazozisikia ukivua sweta wakati wa baridi. Ukiziletea betri ya sola, ambayo iko tayari kutoa ampia kumi, ishirini na zaidi bila kuuliza, zinaungua. Zikiisha kuungua, kinachofuata ni utando wa kioo ulio ndani ya transista, ambao unene wake ni wa nanomita chache hadi kumi na kitu. Unywele wa binadamu una nanomita kama 80,000. Utando huo ukitoboka hauzibwi.

Kutokana na hayo utaona kwamba anayeua ni umeme unaopita, yaani ampia. Volti ndizo zinazomsukuma. Ukiweka rezista njiani, msukumo unabaki lakini mlango ni mwembamba. Kampuni ya Atmel, iliyobuni chipu hiyo, iliwahi kuchapisha maelezo ya kupeleka umeme wa nyumbani kwenye mguu wa chipu kupitia rezista ya ohmu milioni moja. Umeme wetu wa volti 230 unafikia kilele cha volti 325 hivi, na kupitia rezista hiyo inabaki theluthi moja ya miliampia, wakati onyo lao lilikuwa dayodi zile zisipitishiwe zaidi ya miliampia 1. Nalisema hili kama habari, si kama mwaliko. Chipu itapona, lakini mkono wako ukigusa upande usiofaa hutasimulia.

Kwa betri, dawa ni rahisi na bei yake haifiki ya soda. Ni rezista mbili, moja ikitoka chanya ya betri, nyingine ikienda hasi, na mguu wa chipu unachukua kipimo pale zinapokutana. Zinagawana volti kwa kadiri ya ukubwa wao. Hapa mafundi wengi hukosea hesabu kwa sababu wanapiga kwa volti 12. Betri ya volti 12 inapochajiwa inafika 14.4. Na waya wa betri ukichomoka huku kontrola ya chaji ikiwa mbovu, paneli peke yake juani inatoa volti 21 au 22. Piga hesabu kwa 22. Ukiweka ya kilo-ohmu 47 juu na ya kilo-ohmu 10 chini, betri ya 12 inaonekana 2.1, ya 14.4 inaonekana 2.5, na siku ya balaa, volti 22 zinaonekana 3.9. Mguu wa volti 5 haushtuki. Lakini kama bodi yako ni ya volti 3.3, kama ESP32 ambayo siku hizi imejaa madukani, hiyo 3.9 imepita mpaka, kwa kuwa mwisho wake ni 3.6. Weka 68 badala ya 47, utapata 2.8.

Bodi hizo mbili zinafanana sura, na waya zinaingia vilevile. Muuzaji akikwambia ni zilezile, anasema ukweli kuhusu matundu tu.

Sisi wa redio tuna ndugu yake kosa hili studio. Mashine ya kurekodi ina tundu la kipaza sauti na tundu la kupokea kutoka mashine nyingine. Plagi ni ileile. Ukichomeka mashine kwenye tundu la kipaza sauti, sauti inapasuka kama bati, kwa kuwa tundu lile limezoea kunong'onezwa. Nimeshaharibu mahojiano mazuri kwa njia hiyo, na stashahada yangu ya uandishi wa habari haikunisaidia.

Kosa la pili la kijana lilimsumbua akili kuliko la kwanza. Ili kubana betri alikuwa anazima chipu mchana. Lakini waya wa upepo ulikuwa unalishwa volti 5 kutoka chaja nyingine ya simu, ambayo haikuzimwa. Akaona taa ya bodi inawaka hafifu na swichi imezimwa. Jirani mmoja alishauri aitwe mtaalamu wa mambo mengine. Maelezo ni haya: mpaka wa mguu haupimwi kwa volti 5, unapimwa kwa chakula ambacho chipu inacho wakati huo. Chipu ikizimwa, chakula chake ni sifuri, na mpaka wake ni nusu volti. Volti 5 zilezile zilizokuwa halali asubuhi zimekuwa haramu mchana. Zinapita kwenye dayodi ya juu na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma, ikawa haijalala wala haijaamka. Alipolitambua hilo aliuhamisha waya wa upepo ulishwe na chakula kilekile cha chipu, ili vizimwe na kuwashwa pamoja.

Wakati huo huo alikuwa ameongeza kijisanduku cha kutuma ujumbe, kile cha SIM800L kinachotumia laini ya simu. Hicho hakisemi lugha ya volti 5, kinasema ya 2.8. Kwa upande mmoja chipu inakipigia kelele, na rezista mbili za kilo-ohmu 10 zinaikata kelele hiyo nusu, ikawa 2.5, kinasikia salama. Kwa upande wa pili ni kinyume: kinaposema "ndiyo" kwa volti 2.8, chipu yetu inataka 3. Tumeingia kwenye ile sehemu ya katikati isiyo na ahadi. Mezani nyumbani ilifanya kazi kila mara. Ufukoni ikawa siku nyingine inafanya, siku nyingine haifanyi, na kijana alimaliza vocha nyingi akidhani ni mtandao. Transista moja ya kupandisha volti ilimaliza ugomvi.

Lakini kilichonifanya nilete habari hii redioni ni kosa la tatu. Waya wa upepo na waya wa honi vilifungwa pamoja kushuka mlingoti. Wa honi una volti 12. Jua la ufukoni likapasua ngozi za waya, na siku moja zikagusana. Mara hii chipu haikupata moto. Haikuzima. Taa zake zote ziliwaka kama kawaida, honi ilijaribiwa ikalia, ujumbe wa majaribio ulifika. Kilichokufa ni mguu mmoja tu, ule wa upepo, na ulikufa ukiwa unasema "hapana". Hakuna mzunguko uliohesabiwa tena. Na kwa chombo kile, sifuri maana yake ni shwari.

Jioni ile ya Juni wavuvi walikuja kibandani kama walivyozoea, wakauliza, wakaambiwa shwari. Walikuwa wanapakia taa. Mzee mmoja wa pale akabaki amesimama anatazama upande wa kusini. Kijana anasema mzee alimwambia hivi: "Mwanangu, chombo chako kinasema shwari, lakini maji ya kule mbali yameota meupe. Mimi sitoki." Na kwa kuwa mzee hakutoka, wengine nao walishusha taa. Mwera ulifika ufukoni kabla ya saa tatu usiku.

Kijana aliniambia kwamba usiku ule hakulala. Chipu iliyoungua kabisa ilimpotezea fedha. Hii ilikuwa karibu kumpotezea watu, na isingekuwa na harufu yoyote ya kumwonya.

Tulikaa kibandani tukachora upya. Kwanza, waya wa honi ukashuka upande mwingine wa mlingoti. Pili, kati ya waya wa upepo na mguu wa chipu ikawekwa rezista ya kilo-ohmu 10. Sasa volti 12 zikipotea njia, zinazopita kwenye dayodi ni kama theluthi mbili tu za miliampia, chini ya ile miliampia 1. Kapasita ndogo mguuni inameza kelele zinazookotwa na waya mrefu. Kwa masika, radi zikianza, hayo hayatoshi. Anachomoa waya wingu likikaribia, na akipata fedha ataweka optokapla, kifaa ambacho ndani yake habari inavuka kwa mwanga, bila waya kugusana na waya.

Tatu ndiyo iliyonifurahisha, nayo si mpya, maana kengele za wezi zimekuwa zikifanya hivyo miaka mingi. Badala ya mguu wa ndiyo na hapana, waya wa upepo unaingia kwenye mguu unaopima volti. Kibandani kuna rezista ya kilo-ohmu 4.7 inayotoka kwenye volti 5. Juu ya mlingoti, pembeni ya swichi, kuna nyingine mbili: ya 2.2 inayofuatana na swichi, na ya 10 inayoizunguka. Swichi ikiwa wazi, chipu inasoma volti 3.6. Ikifungwa, inasoma 1.6. Upepo uvume au utulie, hakuna kipimo kingine halali. Ikisoma 5, waya umekatika. Ikisoma sifuri, waya umegusana na hasi, au mguu umekufa. Na chipu imeagizwa kwamba ikipata namba isiyo 3.6 wala 1.6, honi ilie mfululizo na ujumbe uende: chombo ni kibovu, msikiamini.

Nilimwuliza kama kuna tatizo lililobaki. Akasema rezista ya 4.7 anayo, za 10 anazo, ila ya 2.2 hana, na duka la karibu liko Mbinga. Kisha akavuta kutoka chini ya meza redio ya zamani iliyokufa, ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Akaifungua, akapasha chuma cha kuchomea, akaanza kutafuta humo ndani rezista yenye mistari mitatu myekundu.